Kikohozi Ndani ya Spika

Koho. Kimya kidogo. Koho-koho, halafu mtu anameza mate.

Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Hata sasa ninapoandika naisikia vizuri kuliko maji ya mfereji hapo nje. Si kikohozi cha mgonjwa. Ni kile cha mwalimu aliyesimama mlangoni anayetaka ujue kwamba amekuona. Najua watu wa mtaa wetu wa Jericho wanasema niliota. Wengine wanasema ilikuwa njaa, kwa sababu wiki ile sikuwa nikila cha mchana ili niweke akiba. Sawa. Lakini ndoto hairekodiwi kwenye kaseti, na kaseti ninayo. Kwa hivyo kaa hapo nikueleze, halafu uamue mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nikishona vifungo katika kiwanda kimoja cha mashati kule Industrial Area, na nilikaa Jericho na kaka yangu Wafula katika nyumba ya kaunsili. Shule niliachia darasa la saba. Lakini kichwani mwangu, niamini, nilikuwa mwimbaji mkubwa. Nyuma ya pazia, pale kilipokuwa kitanda changu, nilikuwa nimegongelea ukutani trei za mayai na blanketi moja kuukuu, nikapaita studio. Wafula alipaita banda la kuku.

Sasa, Wafula alikuwa na mtungi. Usicheke. Siku zile kijana wa Eastlands aliyejiheshimu alichukua spika moja kubwa, akaifunga kwenye mdomo wa mtungi wa udongo, ule wa maji, ili apate besi. Na besi ilikuja, si mchezo! Vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Mtungi wa Wafula ulitoka kwa nyanya yetu Bungoma, naye aliupanguza kila Jumapili kama mtu anayemwogesha mtoto. Kitu kimoja tu kilimkera: kila asubuhi tuliukuta umegeuka, spika inatazama ukuta.

"Ni panya," alisema.

Panya gani wa kugeuza mtungi wa nyanya? Lakini sikuuliza. Tuuache mtungi hapo, nitaurudia.

Nilikuwa na wimbo. Niliutunga kiwandani, kuhusu mtu nisiyemjua atakayevaa shati nililolishonea vifungo: je, atafurahi, au atalivaa akienda kuzika? Siku moja nikiwa peke yangu nyumbani, saa nane mchana, mlango umefungwa, niliurekodi kwa redio kaseti yetu. Kisha nikausikiliza kwenye mtungi. Besi ikameza sauti yangu yote. Nikarekodi tena, juu zaidi. Mtungi ukameza tena. Mara ya sita ndipo nilipoisikia sauti yangu ikipenya, nikaruka kwa furaha. Nikaipeleka kaseti kwa mwenye duka moja mjini aliyekuwa akitoa santuri, mzee mmoja mnene, mpole, aliyependa kutafuna njugu.

Aliiweka. Spika zake zilikuwa ndogo tu, lakini kilichotoka hapo, Mungu wangu! Mwewe. Mwewe aliyekanyagwa mkia.

Aliacha kutafuna. "Huyu ni msichana au ni filimbi ya refa?"

Sikujua nitazame wapi.

"Nyumbani unasikilizia nini?"

"Mtungi," nikasema.

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa tai. Halafu, maana alikuwa mtu mwema, aliniambia, "Maneno ya wimbo nimeyapenda. Lakini mtungi unakudanganya, na wewe unaupigia kelele. Tafuta spika isiyodanganya, ujisikie, urekebishe. Leta Jumatatu ya wiki ijayo. Baada ya hapo nimefunga, sichukui wimbo mwingine mwaka huu."

Umeelewa hali yangu? Siku chache tu. Wimbo mmoja. Nikikosa, nitarudi kwa vifungo vyangu nikiwa na ndoto zisizo na pa kwenda.

Nilizunguka maduka. Hakuna nisichokiona. Kulikuwa na spika ndefu kama kabati, yenye matundu matatu yanayong'aa, na muuzaji akaniapia kwamba yote matatu yanaimba. Nikagusa la juu. Lilikuwa la kadibodi, limechorwa rangi ya fedha! Kwingine niliambiwa nzuri ndiyo nzito, na nilipoinua moja nikasikia tofali likibingirika ndani. Zilizokuwa za kweli zilikuwa za wenye magari. Ikafika Jumamosi, mchana, mvua ya rasharasha, nikakata njia ndani ya soko la Jericho nikiwa karibu kulia, mshahara wa wiki nimeufunga kwenye leso.

Ndipo nikasikia: Koho.

Kati ya fundi viatu na muuza makaa alikuwa amekaa mzee mwembamba, koti la buluu, tai imekazwa mpaka juu. Mbele yake gunia, na juu ya gunia spika mbili ndogo za mbao, kila moja ukubwa wa mikate miwili iliyobebana. Bila nikeli, bila taa, bila chochote cha kumvutia msichana.

"Karibu, binti. Unatafuta kubwa au unatafuta ya kweli?"

"Natafuta ya bei nafuu, mzee."

"Basi hutafuti kubwa. Tayari una akili."

Nilitazama miguu yake, nani hajasikia habari za majini wenye kwato? Aliona.

"Miguu ni ya kawaida," akasema. "Tazama spika."

Akanifundisha pale pale, kwenye mvua, na mambo yale nayafuata hadi leo. Alishika mkono wangu, wake ukiwa baridi kuliko mvua yenyewe, akanigongesha kifundo cha kidole kwenye sanduku. "Umesikia? Tup. Limenyamaza. Sanduku likilia kama ngoma, ujue litaongeza maneno yake kwenye wimbo wako. Spika haitakiwi kuwa na maneno yake." Akaniwekea vidole vyangu kwenye ile karatasi ya mviringo katikati, niisukume taratibu, sawasawa. "Ikikwaruza, koili, ule waya wa ndani, imeungua, iache. Ukingo ukipasuka, iache. Nusa. Ikinuka moshi, iache." Nilinusa. Ilinuka kabati la vitabu vya kanisa.

"Na hizi ni mapacha," akasema. "Usinunue moja hapa na nyingine kule, utakuwa na wazazi wanaogombana. Nyumbani usizisukume kwenye kona, kona nayo ni mtungi. Zisimame usawa wa masikio, mbali na ukuta, nawe ukae mbele katikati yao. Na ufungue sauti ya chini. Anayefungua juu hataki kusikia, anataka kusikiwa."

Alijuaje habari za mtungi? Hilo sikujiuliza mpaka nilipofika nyumbani. Pale sokoni nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Akaniomba nimwimbie kidogo ule wimbo. Nikaimba mstari mmoja. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeuma ndimu.

"Chini kidogo, binti," akasema kwa upole. "Chini kidogo."

Nilipomuuliza bei alisema nitoe nilichokuja nacho, mradi nimuahidi kwamba nitasikiliza mpaka mwisho, hata nikisikia nisichopenda. Nikaahidi. Nikampa leso na vyote vilivyokuwamo, nikabeba spika zangu kifuani kama watoto waliozaliwa jana, nikaenda zangu nikikimbia mvua.

Nyumbani niliziunga kwenye kikuza sauti cha Wafula, kile kilichoendesha mtungi, nikazipandisha juu ya viti viwili, nikakaa mbele katikati kama nilivyoagizwa. Nikatia kaseti. Sauti ya chini.

Kwanza nilisikia chumba. Ndiyo, chumba chetu! Nilisikia bomba likidondoka siku ile niliyorekodi. Nilisikia gari la mafuta ya taa likipita nje. Kisha nikajisikia mimi, filimbi ya refa, nikafunika uso kwa kiganja. Lakini niliahidi, kwa hivyo niliendelea.

Kabla ya kiitikio cha kwanza: Koho.

Niligeuka. Hakuna mtu.

Kabla ya kiitikio cha pili: koho-koho, halafu sauti ya mwanamume, karibu sana na maikrofoni, yenye subira iliyochoka: "Chini kidogo."

Nywele zangu zilisimama zote, na ujue nilikuwa nimezisuka. Siku ile ya kurekodi nilikuwa peke yangu na mlango umefungwa! Nikaihamishia kaseti kwenye mtungi. Dum, dum, dum, hakuna mzee wala kikohozi. Nikairudisha kwenye spika ndogo. Koho. Mwisho wa wimbo, pale ninapopandisha noti ya mwisho nikijiona malaika, akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyekaa na jambo hili miaka mingi.

Ndipo jirani yetu Mama Wambui akaingia bila kubisha, kama kawaida yake, na sukuma wiki mkononi. Mama Wambui alihamia Jericho nyumba zikiwa mpya na anamjua kila mtu, aliye hai na asiye hai. Alisikia kikohozi kimoja tu. Sukuma wiki ikaanguka.

"Ngai! Mwalimu Shadraki!"

"Nani?"

"Aliyekaa nyumba hii kabla yenu! Mwalimu wa kwaya! Wewe msichana, huyo alifia hapo ulipoweka kitanda. Huyo mtu, akisikia noti imepotea hawezi kukaa. Tulikuwa tunamzika mama mkwe wangu, jeneza liko kwenye kamba, akasimamisha kila kitu ili sauti ya pili irudie. Tulirudia mara tatu! Watu wanashikilia kamba tu!"

"Alikuwa anavaa koti la buluu?"

Mama Wambui alikaa chini sakafuni, juu ya sukuma wiki yake.

Nilirudi mbio sokoni. Kati ya fundi viatu na makaa palikuwa na gunia tupu. Muuza makaa alinitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. "Dada yangu," akasema, "nilikuona. Ulikuwa unaongea na hilo gunia. Ulilinusa hata. Kisha ukaokota hivyo visanduku vyako ukaondoka umefurahi, nikasema, acha tu, maisha ni magumu."

Wafula alirudi jioni, nikamsikilizisha. Nilidhani atakimbia. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Manze, na huyo buda analipa kodi ya nyumba na nani?" Lakini usiku huo alilala kwa jirani.

Mama Wambui naye hangeliacha jambo hivyo. Jumapili baada ya ibada alikuja na akina mama watano waje watuombee nyumba itulie. Waliomba vizuri sana. Kosa lao lilikuwa kuimba. Kila mmoja alianza na ufunguo wake, na kwenye ubeti wa pili walikuwa wameachana kama mbuzi waliofunguliwa sokoni. Spika zilikuwa zimewashwa, bila kaseti, bila redio. Zikasema: Koho.

Wakaendelea, kwa sauti kubwa zaidi, kwa imani.

"Tuanze tena," zikasema spika.

Mlango wetu ni mwembamba, lakini akina mama sita walipita kwa pamoja. Mmoja aliacha kiatu. Mpaka leo hajakifuata.

Nikabaki nacho mkononi, peke yangu, na kitu cha ajabu kilinitokea: hofu iliisha. Nilifikiria mtu aliyetumia maisha yake kuwapangia wengine sauti, akafa, kisha katika chumba chake mwenyewe akaletewa mtungi na msichana anayepiga kelele. Je, angefanya nini? Aligeuza mtungi ukutani, kila usiku, taratibu, na tukamsingizia panya. Aliposhindwa, alitoka akaenda sokoni kwenye mvua. Ungekuwa wewe, ungemfukuza mtu kama huyo? Nililia kidogo, nakwambia.

Halafu nikakaa sawa, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu," neno ambalo sisi wa Jericho tunaliacha shuleni. "Nianzie wapi?"

Nikaanza wimbo, chini. Koho. Chini zaidi. Koho. Nikashuka mpaka mahali ambapo sikujua kwamba nina sauti, ile ninayoongea nayo nikiwa nimechoka, na hapo kukawa kimya. Kumbe muda wote ule sauti yangu ilikuwa chini kabisa, kwenye ngazi ya kwanza, na mimi nahema kupanda ghorofani kuitafuta. Nikarekodi kwenye kaseti mpya. Niliposikiliza, nilimsikia msichana anayemfikiria kweli mwenye shati. Mwisho wa wimbo mzee alikohoa mara moja, akasema, "Haya."

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilikuwa dukani mjini. Mwenye duka alisikiliza yote bila kugusa njugu.

"Huyu ndiye wewe," akasema. "Nimeuchukua. Ila mwishoni kuna mzee anakohoa. Mtoe. Nitakungoja mpaka kesho saa nne, si zaidi."

Mtoe! Nilirudi nyumbani. Unamwambiaje mtu atoke kwenye nyumba yake mwenyewe? Nilikaa mbele ya zile spika. Nikamweleza ukweli, kwamba mjini hawamtaki, kwamba mimi namtaka, na kwamba nikikosa kesho basi tena. Nikamwomba kimya cha wimbo mmoja tu.

Nikarekodi. Nikasikiliza. Bomba likadondoka, wimbo ukapita wote, ukafika mwisho. Hakuna kikohozi. Palikuwa na nafasi tu, kama kiti ambacho mtu amekiondokea sasa hivi.

Santuri ilitoka, wimbo wangu upande wa pili. Redioni waliupiga mara moja, mchana, mashine za kiwanda zote zikinguruma. Niliona wenzangu wakicheka na kunipigia makofi, lakini hakuna aliyesikia hata neno moja, nami nikiwemo. Si neno. Ulipigwa.

Mwalimu hakurudi. Nilijaribu kumchokoza: niliimba vibaya kwa makusudi, niliwaalika akina mama, wakakataa. Mtungi ulikaa unatazama mbele siku zote, Wafula akafurahi, akasema panya wamehama. Mwezi mmoja baadaye aliufungua abadilishe waya, akatoa ndani yake leso yangu, imefungwa fundo lile lile nililofunga mimi, na mshahara wote umo.

Tangu hapo, nikiimba juu kupita kiasi, koo langu lenyewe linakohoa. Koho. Hata kanisani. Mama Wambui akinisikia husogea benchi la nyuma.

Kwa hivyo wewe unayetafuta spika za bei nafuu, nakuonya kwa moyo safi. Gonga sanduku, sukuma karatasi, nusa. Lakini kabla hujatoa pesa jiulize kama uko tayari kusikia kila kilichomo nyumbani mwako. Kama hauko tayari, nunua mtungi. Na ukikutana na mzee mwenye koti la buluu anayekunja uso ukiimba, tafadhali, usitazame miguu yake. Shuka kidogo.

Limebaki jambo moja. Jumamosi moja Wafula alikuwa anatafuta kaseti ya kurekodia mpira, na nilimwona akiishika ile ya kwanza, yenye filimbi ya refa na yule mzee. Aliiweka akaenda kunyoa nywele, akisema ataichukua akirudi. Nikachukua kisu cha viazi, nikavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili isirekodiwe tena. Lakini namjua Wafula, angeziba matundu kwa karatasi. Basi nikabandua jina la wimbo wangu, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa, neno ambalo kaka yangu hatalisogelea maisha yake yote: MAHUBIRI.